Kipigo nyumbani, hasara mpakani: Msaada wa Kagarama unaishia wapi?

Mfanyabiashara wa mpakani huzijua hasara zake. Kontena likizidisha siku bandarini kuna tozo, mzigo ukilala ghalani kuna tozo nyingine, na nyanya zikikwama kizuizini zinaoza. Hizo zote huandikwa kwenye daftari. Iko hasara moja ambayo haiandikwi popote. Ni ya mama aliyeshindwa kusafiri kwa sababu usiku wa kuamkia safari alipigwa na mumewe, au aliyefika sokoni mikono mitupu kwa sababu fedha za mzigo zilichukuliwa akiwa usingizini.

Kagarama ni moja ya sekta 10 za wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, na haifai kuchanganywa na Kigarama, ambayo ni sekta nyingine ya wilaya hiyo hiyo. Ina seli tatu, yaani Kanserege, Muyange na Rukatsa, na imekaa kwenye barabara inayotoka mjini kwenda Gahanga, Nyamata na hatimaye mpaka wa Nemba kuelekea Burundi. Ndani ya wilaya hiyo hiyo, upande wa Masaka, ndiko iliko bandari kavu inayopokea mizigo inayotoka Dar es Salaam kupitia Rusumo. Kwa maneno mengine, ni wilaya ambamo watu wengi hula kwa kusafiri au kwa kusafirisha.

Kwa upande wa msaada kwa wanaopigwa na kunyanyaswa majumbani, mkazi wa Kagarama ana mengi ambayo mwenzake wa miji mingine ya Maziwa Makuu hana. Swali ambalo wafanyabiashara na wasafirishaji wanapaswa kujiuliza ni hili: je, msaada huo umepangwa kwa ajili ya mtu anayeishi njiani? Ukichunguza jinsi unavyofanya kazi, jibu ni kwamba umepangwa kwa ajili ya mtu anayelala nyumbani kila siku. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Mlango mmoja badala ya minne

Kabla ya mwaka 2009, mwanamke wa Kigali aliyepigwa au kubakwa alilazimika kuzunguka. Alianzia polisi kuandikisha, akaenda hospitali kupimwa, akarudi polisi na karatasi ya daktari, kisha akatafuta mwanasheria kama ana uwezo. Kila mlango alieleza upya yaliyompata. Wengi waliishia njiani, na kesi nyingi zilikufa kwa kukosa ushahidi.

Julai 2009 polisi ya Rwanda, ikisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ilifungua kituo cha Isange katika hospitali ya polisi ya Kacyiru. Jina hilo kwa Kinyarwanda lina maana ya kumkaribisha mtu ajisikie yuko kwao. Daktari, mshauri wa kisaikolojia, mpelelezi na msaada wa kisheria waliwekwa chini ya paa moja, usiku na mchana, bila malipo. Mwaka 2012 kituo hicho kilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma, na baadaye mpango ulipelekwa katika hospitali za wilaya hadi vituo vikazidi 40 nchini kote. Tangu ofisi ya upelelezi, RIB, ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, upelelezi wa kesi hizi uko mikononi mwake.

Hatua nyingine ilihusu ushahidi. Kwa miaka mingi sampuli za vinasaba kutoka Rwanda zilipelekwa Ujerumani kupimwa, jambo lililokuwa la gharama na lililochelewesha kesi. Mwaka 2018 nchi ilizindua maabara yake ya uchunguzi wa jinai hapo hapo Kigali, na kwa ufunguzi wake kipimo ambacho kilivuka bahari kikaanza kufanyika nchini.

Nyuma ya vituo hivyo iko sheria namba 59 ya mwaka 2008 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia. Kwa mfanyabiashara, lililo muhimu ni kwamba sheria hiyo haikutaja kipigo na ubakaji peke yake. Ilihesabu madhara ya aina nne: ya mwili, ya akili, ya kingono na ya kiuchumi. Kwa hiyo mume anayemnyang'anya mkewe mtaji hawezi kusema kwamba hayo ni mambo ya ndani yasiyoihusu serikali.

Watu wa mtaani

Isange iko hospitalini, lakini safari ya kufika huko huanzia kijijini, yaani kwenye umudugudu. Rwanda ina vijiji 14,837, na kila kimoja kina watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia. Kazi yao ni kuzitembelea nyumba zenye ugomvi, kuwasikiliza watoto na kuwaelekeza watu wanakoweza kupata msaada. Wapo pia wahudumu wa afya wa kijiji, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuona uso uliovimba.

Juu ya hao kuna kikao cha jioni cha wazazi, Umugoroba w'Ababyeyi, ambacho siku hizi huitwa Umugoroba w'Imiryango ili wanaume na vijana nao wahesabiwe. Hapo majirani huzungumza juu ya malezi, usafi, akiba na amani ya nyumba. Kuna kazi ya pamoja ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo hufuatiwa na mkutano wa wakazi.

Mpango huu una nguvu yake. Mama anayeona aibu kwenda polisi anaweza kumwambia jirani. Aidha una udhaifu wake, na udhaifu huo unatokana na ujirani wenyewe. Wanyarwanda wana msemo unaosikika kila ndoa inapoyumba: "Niko zubakwa", yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa. Kwa msemo huo mama huambiwa avumilie, kwani hata waliomtangulia walivumilia. Mpatanishi wa kijiji anayetaka sifa ya mtaa mtulivu anaweza kumrudisha mke kwa mume asubuhi, na kipigo kikarudi jioni. Kupatanisha ugomvi wa maneno ni jambo jema. Kupatanisha jinai ni jambo jingine, na hata wasuluhishi rasmi wa Rwanda, abunzi, hawana mamlaka ya kuhukumu makosa ya jinai ya aina hii.

Takwimu zinaonyesha kwamba suala hili halihusu nyumba chache. Uchunguzi wa hali ya afya na idadi ya watu wa mwaka 2019-20 ulikuta kwamba asilimia 46 ya wanawake wa Rwanda waliowahi kuolewa walikuwa wamepata ukatili wa mwili, wa kingono au wa kihisia kutoka kwa waume zao. Hiyo ni karibu nusu. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wenye maduka, malori na nyumba nzuri za vilimani wamo katika ile nusu nyingine tu.

Saa 72 na safari ya Kampala

Sasa itazamwe kalenda ya mchuuzi. Chukua mfano wa mama wa Rukatsa anayefuata nguo Kampala. Anapanda basi usiku, anafika asubuhi, ananunua siku nzima, pengine siku mbili, anafunga mzigo, anapanda basi la kurudi na kulipia ushuru Gatuna. Akirudi Kigali siku tatu au nne zimepita.

Daktari naye ana kalenda yake. Mtu aliyebakwa, hata kama aliyembaka ni mumewe, anatakiwa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo. Alama za mwilini hufifia. Nguo zikifuliwa ushahidi unaondoka na maji. Saa 72 ni siku tatu, na siku tatu ni safari moja ya Kampala.

Mama huyo akipigwa usiku wa Alhamisi ana mambo mawili ya kuchagua. Akienda Isange, anakosa basi, anakosa mzigo, na marejesho ya mkopo ya wiki hiyo hayapatikani. Akisafiri, anarudi Jumatatu akiwa na mzigo lakini bila ushahidi. Wengi husafiri, kwa kuwa kilichowapeleka katika biashara ni ada ya shule na chakula, na hivyo havisubiri kidonda kipone.

Vikao vya mtaa navyo vina saa zake. Mama anayeondoka kabla ya jua na kurudi usiku hayupo kwenye kikao cha jioni. Jumamosi ya umuganda anaweza kuwa Goma au Mbarara. Rafiki wa familia akigonga mlango mchana anamkuta mtoto wa dada. Kwa hiyo yule anayehitaji zaidi kufahamika na wahudumu wa kijiji ndiye asiyefahamika, na majirani humjua kama mwanamke anayesafiri sana, sifa ambayo mume mkali huigeuza kuwa sababu ya kumpiga.

Hali ni hiyo hiyo kwa mshitakiwa. Dereva aliyempiga mkewe usiku na kuondoka na lori alfajiri, mchana yuko nje ya nchi. Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,500. Kupakia, kusubiri karatasi na kurudi kunaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Akirudi, hasira za jamaa zimepoa, zawadi ziko mkononi, na ndugu wanashauri yaishe.

Ugomvi wa mtaji

Katika nyumba za wafanyabiashara ugomvi mwingi huzunguka fedha. Mke anapoanza kuleta fedha kuliko mume, wapo wanaume wanaofurahi na wapo wanaoona wamevuliwa nguo. Wa pili hudai hesabu ya kila faranga, huchukua simu yenye fedha, huuza mzigo kwa bei ya kutupa, au huchelewesha safari kwa makusudi. Hayo yote ni ukatili wa kiuchumi kwa maana ya sheria ya 2008. Sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 2018 nayo inaadhibu kumnyanyasa mwenzi wa ndoa na kutumia mali ya familia kwa hila.

Hata hivyo haki ya mali ina mlango wake, nao ni ndoa ya serikali. Sheria ya mwaka 1999 ya mali ya wanandoa na mirathi ndiyo iliyompa mwanamke wa Rwanda haki sawa ya kurithi, na ilibadilishwa na sheria mpya mwaka 2016. Zoezi la kuandikisha ardhi lililoanza mwaka 2009 liliweka majina ya mume na mke kwenye hati moja. Lakini anayeishi na mume bila kuandikishwa kwa msajili hana nguvu sawa na mwenye cheti. Kwa wanaoishi hivyo, sheria ya 2008, katika kifungu chake cha 39, ilielekeza kwamba mtu anayetaka kufunga ndoa na mwingine agawane kwanza mali waliyochuma pamoja na yule aliyeishi naye.

Kifungu hicho kinawagusa madereva moja kwa moja. Kila mtu wa barabara kuu anamjua mwenzake mwenye nyumba Kigali na nyumba nyingine mahali fulani kando ya njia. Nyumba ya pili inapoanza, mtaji wa nyumba ya kwanza hupungua, maswali huzaliwa, na maswali hujibiwa kwa ngumi. Mwanamke aliyesaidia kununua lori la kwanza kwa faida ya kitenge anaweza kujikuta hana karatasi hata moja inayosema hivyo.

Ndiyo maana risiti ina uzito hapa. Kitabu cha kikundi cha akiba, ikimina, chenye jina lake, akaunti yake katika SACCO ya sekta, stakabadhi za forodha zilizoandikwa kwa jina lake na ujumbe wa malipo ya simu ni kumbukumbu za biashara. Siku ya kesi vinaonyesha nani alichuma nini. Mfanyabiashara anayevusha mzigo wake kila mara kwa jina la mumewe, kwa heshima au kwa urahisi, anaandika mali yake kwenye daftari la mtu mwingine.

Ukivuka mpaka, sheria inabadilika

Bidhaa zina utaratibu wa pamoja. Mchuuzi wa Afrika Mashariki mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia utaratibu rahisi wa forodha, na cheti cha asili ya bidhaa kilichotolewa upande mmoja kinatambuliwa upande wa pili. Ulinzi wa mtu hauendi hivyo.

Uganda ina sheria ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2010, inayoruhusu hata mahakama za mabaraza ya mitaa kusikiliza mashauri hayo. Kenya ilipitisha sheria yake ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2015, na mahakama huweza kutoa amri ya kumzuia mtuhumiwa asimkaribie aliyemdhuru. Burundi ilitunga sheria ya ukatili wa kijinsia mwaka 2016. Tanzania haikutunga sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani, ila Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi kumpiga mwenzake, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inahusika na ubakaji, na polisi wana madawati ya jinsia na watoto. Upande wa Kongo, hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dk. Denis Mukwege, mshindi wa tuzo ya Nobel ya amani ya 2018, na HEAL Africa ya Goma ndizo zinazojulikana zaidi kwa kutibu waliobakwa.

Karatasi nazo hutofautiana. Tanzania mtu aliyejeruhiwa huulizwa fomu ya polisi namba tatu, PF3. Kenya kuna P3. Mnyarwanda aliyezoea kwenda moja kwa moja Isange anaweza kusimama mapokezi ya hospitali ya nchi jirani bila kuelewa anachoombwa. Amri ya mahakama ya Kenya ni ya Kenya. Namba ya simu ya bure ya polisi ya Rwanda kwa ukatili wa kijinsia, 3512, haipatikani kwa laini ya Uganda. Kenya inatumia 1195. Kwa watoto, namba 116 inatumika Rwanda, Uganda, Tanzania na Kenya, lakini kila nchi hupokea yenyewe.

Mpakani kwenyewe hatari ni nyingine. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2011, uliofanywa kwenye mipaka ya Kongo na majirani zake, ulikuta zaidi ya nusu ya wachuuzi wanawake waliohojiwa wamewahi kukumbana na vitisho, ukatili au usumbufu wa kingono katika kazi yao. Mama wa namna hiyo hupata shida kizuizini mchana na nyumbani usiku. Mradi wa kurahisisha biashara wa Maziwa Makuu ulioidhinishwa na benki hiyo mwaka 2015 uliweka fedha katika njia za waenda kwa miguu, taa na mienendo ya maofisa. Hayo yana faida, ila yanahusu kizuizi tu.

Kilichopunguza kipigo

Wapo wanaosema mila haibadiliki. Majaribio mawili yaliyofanyika Rwanda yanaonyesha kinyume chake, na yote mawili yana somo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji.

La kwanza ni Bandebereho, lililoendeshwa na RWAMREC, shirika la wanaume lililoanzishwa mwaka 2006, katika wilaya za Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Wanaume wenye watoto wadogo walikutana kwa vipindi 15, na wake zao wakajiunga katika baadhi ya vipindi. Walizungumza juu ya fedha, uzazi, malezi, pombe na hasira. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, kwa kulinganisha familia zilizoshiriki na ambazo hazikushiriki, yalionyesha kipigo kupungua kwa kiasi kikubwa katika zile zilizoshiriki. Ifahamike kwamba Rwamagana iko kwenye barabara ya Rusumo, na Musanze kwenye barabara ya Cyanika na Rubavu. Hao ni watu wa njia zile zile.

La pili ni Indashyikirwa, lililoendeshwa kati ya 2014 na 2018 na CARE, Rwanda Women's Network na RWAMREC. Wanandoa walifundishwa pamoja vipindi 21, na wakati huo huo vikafunguliwa vituo 14 vya wanawake ambako mtu aliyepigwa angeweza kuingia, kuzungumza na kusindikizwa hospitali au polisi. Miongoni mwa wanandoa waliofundishwa ukatili ulipungua kwa zaidi ya nusu kwa maelezo ya wanawake wenyewe. Kampeni ya kuhamasisha jamii nzima haikuonyesha matokeo kama hayo.

Jambo la kuzingatia ni mahali wanandoa hao walipopatikana. Walitoka katika vikundi vya akiba na mikopo. Watu ambao tayari walikuwa wanakutana kila wiki kuhesabu fedha ndio walioweza kukutana kila wiki kuzungumza juu ya nyumba zao. Kikundi cha fedha kilifanya kile ambacho bango la barabarani halikuweza.

Wapi pa kuanzia

Kutokana na hayo, hakuna haja ya kujenga Isange nyingine kwa ajili ya wafanyabiashara. Iliyopo inatosha kama watafika kwa wakati. Kinachokosekana ni kiungo kati ya mtu wa njiani na msaada ulioko mtaani, na kiungo hicho kinaweza kuwa ushirika wake au tajiri wake.

Kikundi cha wachuuzi kinamjua mwanachama kuliko kijiji kinavyomjua. Kinajua aliyekosa safari mbili mfululizo, aliyekuja na miwani ya giza, aliyeanza kushindwa marejesho bila biashara kuharibika. Mwekahazina huona kabla ya mwenyekiti wa umudugudu. Kikundi chenye mfuko wa dharura wa msiba na ugonjwa kinaweza kuuongezea sababu ya tatu, ili mwanachama aliyepigwa alipiwe marejesho ya wiki moja na mwenzake amchukulie mzigo. Gharama yake ni ndogo kuliko mkopo mzima kupotea. Muhimu zaidi, inamwondolea mama ule uchaguzi mbaya kati ya basi na daktari.

Hifadhi ya Isange yenyewe ni ya muda mfupi. Baada ya siku chache mtu hurudi anakotoka, na asiye na mtaji hurudi kwa aliyempiga. Hapo tena ni kikundi kinachoweza kumpa bidhaa kwa mkopo na chumba kwa mwezi mmoja. Mashirika ya msaada wa kisheria kama Haguruka, lililoanzishwa mwaka 1991, hufuatilia kesi na mali, lakini hayawezi kumrudisha mtu sokoni.

Kwa wenye malori, hesabu haiko mbali. Dereva akishikiliwa kwa upelelezi, lori linasimama, mzigo unachelewa na mteja anatafuta msafirishaji mwingine. Kampuni inayofundisha madereva juu ya ajali na Ukimwi inaweza kuongeza saa moja juu ya nyumba, ikieleza wazi kwamba kumpiga mke ni jinai na kwamba safari ya kesho haiifuti. Inaweza pia kukubali sehemu ya mshahara iende moja kwa moja kwenye akaunti ya mke, kwa makubaliano ya wote wawili, jambo linalopunguza ugomvi wa fedha za safari ambazo huisha kabla ya dereva kufika nyumbani.

Kwa maofisa wa sekta, kubadili saa si jambo gumu. Kikao cha familia kinaweza kufanyika sokoni asubuhi, kwenye kituo cha mabasi au kwenye yadi ya malori. Rafiki wa familia anaweza kupewa orodha ya viongozi wa vikundi vya biashara vya mtaa wake.

Na kwa anayesoma haya akiwa njiani, yapo mambo machache ya kukumbuka. Ukipigwa au kubakwa Kigali, nenda hospitali kwanza, hata kama hujaamua kushitaki. Isange hailipiwi. Usioge wala kufua kabla ya kuonana na daktari ikiwezekana, na nguo zilizovaliwa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi. Piga 3512, au 112 kwa dharura ya polisi. Ikitokea nje ya nchi, omba karatasi ya hospitali ya huko na uje nayo. Picha ya jeraha yenye tarehe itumwe kwa mtu unayemwamini, kwa sababu simu yako inaweza kuchukuliwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wafanyabiashara wa Kagarama na wa njia zote zinazoingia Kigali wamezoea kuficha hasara hii kwa sababu inaonekana ni ya chumbani. Lakini hasara hiyo inapanda basi pamoja nao, inalala mpakani pamoja nao, na mwisho wa mwezi inaonekana kwenye mtaji.